Maharagi Saba Chini ya Blanketi

Jumatatu iliyopita nilirudisha ufunguo wa chumba cha kukanda, hapa Beni, na mkuu wa ofisi akaandika kwamba ufunguo umepokelewa katika hali nzuri. Kuhusu mikono yangu hakuandika kitu. Ninyi wadogo zangu mnaobaki kazini mliniomba niwaachie neno juu ya miaka yangu ya kukanda wagonjwa, kwanza Butembo, kisha Beni. Vyeo na mishahara viko katika faili. Anayependa kusoma mambo ya huzuni aende huko. Mimi nitaandika juu ya mwalimu mmoja, maharagi saba, na mama mmoja msusi ambaye watu walisema mikono yake haitasuka tena.

Nilianza Butembo, asubuhi ya baridi, nikiwa na koti jeupe lililonizidi ukubwa na diploma mpya ndani ya bahasha. Papa Mbusa, mkuu wa huduma yetu ya kine, yaani mazoezi na kukanda, hakuitazama ile diploma. Alikuwa amebana kitu kwapani, chini ya sweta, na mkono wake mmoja hausogei. Nilidhani anaumwa bega, nikajiuliza ni nani atanifundisha mabega ikiwa mwalimu mwenyewe ana bega bovu. Kumbe ilikuwa chupa ya mafuta. Mawese huganda kwa baridi ya Butembo, na yeye alikuwa akiyayeyusha kwa joto la mwili wake kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.

"Mugonjwa anatoka ku baridi," aliniambia, "halafu unamutia mafuta ya baridi na mukono ya baridi. Mwili yake inajifunga sawa mulango. Utagonga mpaka magaribi, hakuna mwenye atakufungulia."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. Nililiandika kwenye daftari, kisha nikalisahau kwa muda mrefu, kama mtakavyoona.

Miezi mitatu ya mwanzo sikugusa mgonjwa hata mmoja. Kila asubuhi Papa Mbusa alimwaga maharagi juu ya meza, akayafunika kwa blanketi la hospitali lililokunjwa mara nne, akaniambia nitafute kwa ncha za vidole na kuhesabu. Nikisema matano, anafunua: manane. Nikisema manane, anafunua: mawili, tena yako mbali mbali kama watu waliogombana. Yeye alikuwa mtu wa Lubero, kwenye viazi na maharagi, na mfuko wa koti lake haukukosa mbegu.

Kosa langu lilikuwa nguvu. Kadiri nilivyobonyeza, ndivyo vidole vyangu vilivyokufa ganzi.

"Katungu," aliniuliza siku moja, "uko natafuta ao uko nasonga bugali?"

"Natafuta, Papa."

"Basi tafuta sawa mutu mwenye anatafuta. Haragi haiko adui yako."

Mtihani wa mwisho ulikuwa maharagi saba, na moja kati yake limepasuka. "Siku utaniambia ni saba, na unionyeshe yenye imepasuka iko wapi, njo siku nitakupatia mutu." Wanafunzi wenzangu wawili walihamia maabara, ambako hakuna anayekufichia vitu chini ya blanketi. Mimi nilibaki kwa ukaidi tu. Siku niliyopunguza nguvu hadi nikahisi kama sigusi kitu, maharagi yalianza kuja yenyewe chini ya vidole, moja moja. La saba lilikuwa na ukingo mkali upande mmoja. "Hii," nilisema. Papa Mbusa alifunua, akatazama, akafunika tena bila kunisifu. Kisha akafungua mlango na kuita, "Mwenye anafuata!"

Mwenye anafuata alikuwa mama mkulima kutoka Vuhovi. Shingo ilimuuma hadi usingizi ukamkimbia. Nilimkanda siku tatu mfululizo, kwa vidole vyangu vipya vya maharagi. Kila siku alitoka akicheka, na kila kesho yake alirudi akiwa ameshika shingo. Nilianza kumlaumu mgonjwa, jambo ambalo ni ishara ya kwanza kwamba mkandaji amepotea. Papa Mbusa hakumgusa. Alimwomba arudi na mzigo wake. Alirudi na kikapu cha viazi mgongoni, mkanda wake ukipita juu ya paji la uso kama mama zetu wanavyobeba, na mwalimu akamwomba azunguke ua wa hospitali mara mbili.

"Huu mukanda ni wa nani?" akamuuliza.

"Ni wa mama yangu. Wangu ulikatika."

"Na mama yako ni mufupi?"

Yule mama akacheka. "Mufupi sana, Papa. Anafika hapa," akaonyesha kwapa lake.

Mkanda ulirefushwa kwa kipande cha ngozi cha upana wa vidole vinne. Nilimkanda mara mbili tena, na shingo ikanyamaza. Tangu siku hiyo sikumuuliza mgonjwa anaumwa wapi kabla ya kumuuliza anafanya kazi gani. Msije mkaruka swali hilo. Kukanda kunafungua mlango, lakini kama kazi ya mtu inaufunga kila siku, mtakuwa mabawabu maisha yenu yote.

Jambo lingine nililojifunza Butembo ni kukataa. Watu wetu huamini kwamba kukandwa kusikouma hakuponyi. "Kanda mpaka nilie!" wananiambia, na wengine huona aibu kurudi nyumbani na macho makavu. Tuliletewa mfanyabiashara mmoja, mguu mmoja umevimba, nyama ya nyuma ni ya moto na inang'aa. Shemeji zake wanne walisimama kumzunguka wakidai nimkande kwa nguvu, na mmoja akasema kwa sauti kwamba bibi yake kijijini angekuwa amekwisha maliza. Papa Mbusa aliweka mgongo wa kiganja juu ya ule mguu, akauondoa.

"Huu mukono hautamukanda," alisema. "Na wa Katungu pia hapana. Iko damu yenye iliganda mule. Ukiisukuma, inapanda ku mapafu, na ninyi munarudi na maiti. Muende kwa docteur, sasa hivi."

Walitutukana hadi kwenye geti. Baada ya wiki kadhaa yule mtu alipita kwa miguu yake miwili kutuletea jogoo. Jogoo yule alituamsha wiki nzima, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumchinja shahidi.

Nilipohamishiwa Beni, Papa Mbusa alinipa tini ya maziwa ya unga yenye maharagi saba ndani. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba Beni ni joto, mafuta hayataganda huko, "kwa hiyo utaanza kusahau." Alikuwa akijua. Yale maharagi nimeyabadilisha mara nyingi, maana fukusi hawaheshimu walimu, lakini tini ni ileile.

Sasa nifike kwenye kazi iliyo ngumu kuliko zote.

Wakati wa Ebola, mnakumbuka, tuliacha kupeana mikono. Tulisalimiana kwa viwiko, kwa miguu, na wengine kwa kutazamana tu kutoka upande wa pili wa barabara. Kazi yangu ilikuwa kugusa, na kugusa kulikatazwa. Chumba cha kukanda kiligeuzwa ghala la ndoo na dawa ya klorini, na mimi nikawekwa kwenye geti kupima watu joto. Nilifanya, kwa sababu ilikuwa lazima. Nilizika majirani kwa mbali, kama ninyi.

Ugonjwa ulipotangazwa kwisha na ndoo zikatolewa, mgonjwa wa kwanza kuandikishwa alikuwa mama mmoja aliyeitwa Kyakimwa, kutoka Mangina. Alikuwa ameugua na kupona, na alibeba cheti chake cha kupona ndani ya plastiki, akikionyesha kabla ya kusalimu. Alilala wiki nyingi bila kujinyoosha, na viungo vilimshika. Viwiko vyake havikupanda zaidi ya kifua. Vidole vilijikunja nusu, havikuweza kushika unywele mmoja na kuachia mwingine.

Nilimuuliza swali langu. Anafanya kazi gani?

"Nasuka, Mama. Ni miye nilikuwa nasuka bibi-arusi bote ba Mangina. Niko na batoto batatu. Sijue kulima, sijue kuuza. Najua kichwa ya mutu tu." Akatazama mikono yake. "Na batu banasema, hata ikipona, nani atanipatia kichwa?"

Daktari wetu alimchunguza na kuandika wazi: amepona, ngozi ni nzima, hakuna kidonda, akandwe kwa mikono kama mgonjwa mwingine yeyote. Nilisoma maneno yale mara mbili. Kisha nikavaa glavu.

Nataka mjue kwamba hakuna aliyeniamuru. Nilipokutwa nazo na Kahindo, muuguzi wetu wa mapokezi, nilimwambia ni desturi ya usafi. Kahindo, ambaye naye alikuwa akisukuma kitabu cha wagonjwa kwa Kyakimwa kwa ncha ya rula, hakuuliza zaidi. Tulielewana vizuri sana, woga wangu na woga wake.

Nilimkanda Kyakimwa mara tatu kwa wiki. Nilimpaka mafuta, nikafuata misuli kama nilivyofundishwa, kutoka shingoni hadi ncha za vidole, kisha nikamfanyisha mazoezi. Mwezi ukapita. Kiwiko kilibaki palepale kwenye kifua. Kila nilipomgusa, bega lake lilikuwa gumu kama ubao, na mimi nikaandika katika kadi: misuli imekakamaa, maendeleo hakuna. Siku moja hata nilianza kumlaumu. Nilisema kwa ukali kidogo, "Kyakimwa, ujiachilie! Unapigana na mimi."

Alitazama mikono yangu, akasema, "Mama Katungu, naweza kusema kitu? Hautanikasirikia?"

"Sema."

"Ile sauti."

"Sauti gani?"

"Ya gants. Wakati unazivaa, zinafanya *pa*! Kule ku centre ya Ebola, batu bote balinigusa na gants. Nikisikia *pa*, najua sindano inakuja, ao banakuja kubeba mwenzangu wa ku kitanda cha pembeni. Miye naambia mwili ijiachilie. Yenyewe inakatala."

Nilimwambia tupumzike, arudi kesho. Alipotoka nilifunga mlango, nikatoa tini ya Papa Mbusa kabatini. Nilimwaga maharagi, nikakunja blanketi mara nne, nikageuza uso na kuyachanganya. Kisha nikatafuta nikiwa na glavu. Nilijua ni saba, lakini vidole vilihesabu matano. Nilifunua: saba. Nikajaribu tena, nikapata sita. Lile lililopasuka sikuliona kabisa. Chini ya mpira yote yalikuwa mviringo. Mwezi mzima nilikuwa nimeandika kadi ya bega ambalo sikuwa nimelihisi. Mwanafunzi wa Papa Mbusa wa siku ya kwanza angeshika vizuri kuliko mimi. Na la baridi na mlango, lile somo la kwanza kabisa, nilikuwa nimelipita kama mtu anayepita kwao bila kusimama.

Kesho yake nilinawa mikono kwa sabuni mbele yake, nikaikausha, nikaibana kwapani.

"Mama, uko nasikia baridi?" akauliza Kyakimwa.

"Hapana. Niko napasha chombo."

Nikaweka mikono mitupu juu ya mabega yake. Sikuhisi kitu, kwa muda ambao ungetosha kuchota maji ndoo moja. Halafu lile bega la kulia likashuka. Lilishuka polepole, kama mtu anayetua mzigo akiwa bado haamini kwamba amefika. La kushoto likafuata. Na hapo chini ya bawa la bega, ndani kabisa, nikahisi fundo dogo lenye ukingo, kama haragi lililopasuka. Lilikuwa pale siku zote.

"Mukono yako iko ya moto," alisema. Kisha akaanza kucheka, na mimi pia nikacheka, na Kahindo akafungua mlango kuona nani amepatwa na wazimu. Aliiona mikono yangu. Akafunga mlango polepole.

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbele. Wiki ya kwanza kiwiko kilipita kidevu. Alijipaka mafuta usoni mwenyewe na kuja kutuonyesha uso, kana kwamba hatujawahi kuuona. Vidole vilichelewa. Nilivikanda kimoja kimoja, kutoka kwenye kiganja kwenda nje, kisha nikamfungia nyuzi za sufu kwenye mguu wa kitanda ili azisuke. Kwa siku nyingi nyuzi zilimtoroka. Alizitukana kwa Kinande, na mimi nikajifanya sijui Kinande. Siku aliyosuka mguu mzima wa kitanda, juu hadi chini, alimwita Kahindo, mlinzi wa geti na mgonjwa wa maumivu ya mgongo aliyekuwa akingoja zamu, waje wote waone. Kitanda kile kilikuwa kimependeza kuliko sisi.

Mikono ilikuwa imepona. Kilichokosekana ni kichwa.

Alirudi Mangina siku mbili, akaketi mbele ya nyumba yake na kitana mapajani. Watu walimsalimu vizuri sana, wakapita. Aliporudi kwangu hakulia. Alisema tu, "Basi nitasuka vitanda."

Nilitoka naye hadi chumba cha kungojea. Kulikuwa na watu wapatao kumi na wawili, wamekaa kwenye mabenchi. Nilivuta kiti katikati, nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikaketi.

"Suka," nilimwambia.

"Hapa, Mama? Mbele ya batu?"

"Hapa. Na usiharakishe, niko na nafasi."

Kahindo alisimama nyuma ya meza na rula yake mkononi. Kisha mzee mmoja mwenye magongo akasema, "Docteur wa mikono njo anakandwa leo," na watu wakacheka, na Kyakimwa akaweka vidole kichwani mwangu. Vilitafuta mstari wa kwanza, vikaukosa, vikarudia. Nilihisi ncha kumi, kila moja na uzito wake, na nikajua kutoka upande ule wa pili wagonjwa wangu walikuwa wakihisi nini miaka yote.

Ilichukua muda mrefu sana. Njia zilipinda kama barabara ya Butembo wakati wa mvua. Kahindo alitazama akasema, "Katungu, hii coiffure utaenda nayo wapi?"

"Kanisani."

Nikaenda nayo kanisani. Kwaya ya wamama iliniangalia kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Baada ya ibada wawili waliniuliza ni nani aliyenisuka, na nikawaambia jina lake, na kwamba mimi nilikuwa mteja wake wa kwanza, na kwamba sijambo. Mmoja akagusa nywele zangu, taratibu, kwa kidole kimoja.

Jumatano iliyofuata nilimkuta Kahindo ameketi kwenye kile kiti kabla ya saa ya kazi, kitambaa mapajani, uso umekazwa kama wa mtu anayengoja kung'olewa jino.

"Miye sitaki ile ya kupinda sawa barabara," alimwambia Kyakimwa. "Miye nataka mustari."

"Mustari utapata, Mama Kahindo. Inamisha kichwa. Lakini ile rula, uiweke chini kwanza."

Alipata mistari. Iliponyooka namna ile, wauguzi wengine watatu walimfuata, kisha wake wa wafanyabiashara, na leo Kyakimwa ana nyumba ya kusuka hapa Beni, na wasichana wanne anaowafundisha. Bibi-arusi wa Mangina wanakuja kwake wakati barabara inaruhusu.

Siku ya kuniaga mlikuwepo ninyi nyote. Mnakumbuka kwamba nilimwaga maharagi juu ya meza, nikayafunika, nikawaita mmoja mmoja. Sitataja majina. Yupo aliyesema manne, yupo aliyesema kumi na moja, na yupo aliyeniuliza kama blanketi linaweza kukunjwa mara mbili tu. Rudieni kesho, na keshokutwa. Mimi nilihitaji miezi mitatu.

Lakini wengi wenu mlikuwa mmekwisha rudi kwenye soda Kyakimwa alipoacha kitana chake na kuja mezani. "Mama Katungu, niko naomba nijaribu." Aliweka mikono yote miwili juu ya blanketi, ile mikono ambayo watu walisema haitasuka tena, na hakubonyeza. Macho yake yalitazama nje ya dirisha. Vidole vilitembea mara moja kwenda, mara moja kurudi.

"Saba," alisema. Kidole kimoja kikasimama. "Na hii imepasuka."

Nilifunua. Papa Mbusa angefungua mlango na kumpatia mtu palepale. Hapakuwa na haja. Mtu wake alikuwa tayari kwenye kiti, Kahindo, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, akipiga kelele kwamba anachelewa na je, hayo maharagi yenu yanakwisha lini?